Mikorosho Haikuhama

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze historia ya kijiji chetu cha zamani. Nitaanzia kwenye mikorosho, maana sisi tulihama, yenyewe ikabaki.

Huku Nyanda za Juu za Makonde watu walikaa kiukoo, kaya chache chini ya mjomba mkubwa, na mikorosho ikianzia nyuma ya jiko. Adha ilikuwa maji. Akina mama waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi jua likiwa kali.

Mwaka 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mtwara tulikusanywa vijijini mapema kuliko mikoa mingi. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwishoni mwa 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, kwetu mapaa mengi yalikwishaezuliwa. Shule tulipata, na zahanati, wala sitazikana.

Lakini mkorosho, ndugu zangu, unataka mtu wa jirani. Usipopalilia, korosho zinadondokea kwenye majani, huzioni. Usipofyeka, moto wa kiangazi unapita nayo. Tena ukaja ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe kama vumbi la mashineni, unaokausha maua hata kabla ya kuonekana bibo. Na kwa bei ya miaka ile, nani angetembea saa mbili kwenda kuokota debe moja? Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000, nyingi za kusini hii. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, walipofundisha kupuliza salfa, dawa ya ubwiri unga, wenye mikorosho karibu walinyanyuka. Kijiji chetu cha zamani kilikwishakuwa hame, mahali palipohamwa.

Kuna watu husema kijiji kile kilikufa kwa uvivu wetu. Naumia nikisikia hivyo.

Mwaka jana nilikwenda na mjomba wangu. Tulipenya vichakani hadi kwenye mkorosho mmoja mkubwa, matawi yamelala chini. Akauzunguka, akahesabu hatua, akasimama. "Hapa jikoni kwa bibi yako." Nikafukua majani kwa mikono. Yalikuwepo mafiga mawili, bado meusi kwa upande wa ndani. La tatu tulilitafuta hadi adhuhuri.