Uthamini wa Nyumba Zenye Mkopo wa Serikali katika Vijiji vya Kale vya England: Mfano wa Haddenham

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie uthamini wa nyumba zilizonunuliwa kwa mkopo wa serikali ya Uingereza uitwao Help to Buy. Nimeona niziache nyumba za mijini, ambako mthamini ana mauzo tele ya kulinganisha, nizungumzie nyumba mpya zilizojengwa pembezoni mwa vijiji vya kale. Huko ndiko ripoti ya mthamini inakozua ubishi mwingi zaidi, na ndiko mwenye nyumba anakoweza kupoteza maelfu ya pauni bila kujua yalipotelea wapi. Mfano wangu ni kijiji cha Haddenham, Buckinghamshire.

Tuanze na mkopo wenyewe, maana ukieleweka vibaya yote yanayofuata huharibika. Mpango huu ulianza nchini England mwezi Aprili 2013 na ukafungwa kwa waombaji wapya tarehe 31 Oktoba 2022. Katika kipindi hicho nyumba zaidi ya 387,000 zilinunuliwa kwa msaada wake. Mnunuzi alitoa angalau asilimia 5 ya bei, serikali ikamkopesha hadi asilimia 20 (hadi 40 kwa London kuanzia mwaka 2016), na benki ikajazia kiasi kilichobaki kwa rehani. Wengi waliondoka kwa wakili wakiamini kwamba, kwa kuwa serikali imewapa pauni 80,000, watairudishia pauni 80,000. Mkataba unasema jambo jingine: mkopaji anadaiwa asilimia ileile aliyokopa, ikipigwa kwenye thamani ya nyumba wakati wa kulipa. Nyumba ikipanda bei, deni linapanda nayo, na ikishuka, serikali inabeba sehemu yake ya hasara.

Chukueni nyumba iliyonunuliwa kwa pauni 400,000 mwaka 2016. Sehemu ya serikali ilikuwa pauni 80,000. Leo mthamini akiandika 480,000, deni ni 96,000. Akiandika 510,000, deni ni 102,000. Matofali ni yaleyale na bustani ni ileile, lakini maoni ya mtu mmoja aliyekaa ndani ya nyumba kwa muda usiofika saa moja yameongeza pauni 6,000 kwenye deni. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mwenye mkopo huu, ripoti ya uthamini ndiyo ankara yenyewe, na inastahili kusomwa kama watu wanavyosoma ankara, mstari kwa mstari.

Riba ina hesabu yake tofauti, na hapa watu huchanganya. Miaka mitano ya kwanza haina riba. Mwaka wa sita inaanza asilimia 1.75, nayo inatozwa kwenye kiasi cha awali, yaani zile pauni 80,000, si kwenye thamani ya leo. Hiyo ni pauni 1,400 kwa mwaka. Baada ya hapo kiwango hupanda kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei na nyongeza ndogo juu yake. Malipo hayo ya riba hayapunguzi deni hata kwa senti moja. Kwa hiyo anayesema amekuwa akilipa kila mwezi tangu mwaka wa sita amesema kweli, ila sehemu ya serikali ndani ya nyumba yake bado iko vilevile.

Uthamini unahitajika mwenye nyumba anapotaka kulipa deni lote, kulipa sehemu yake, au kuuza. Masharti ya msingi hayana utata. Mthamini lazima awe mwanachama aliyesajiliwa wa RICS, taasisi ya kifalme ya wapima na wathamini, na afuate viwango vyake ambavyo wenyewe huviita Kitabu Chekundu. Lazima awe huru, asiwe na uhusiano na dalali anayeuza nyumba hiyo wala na mwenye nyumba. Lazima aingie ndani. Ripoti lazima itaje nyumba linganishi zisizopungua tatu, zenye bei halisi ya mauzo, zinazofanana na nyumba husika kwa aina, ukubwa na umri, na zilizo ndani ya maili mbili. Uthamini uliofanywa na benki kwa ajili ya rehani haukubaliki kwa kazi hii, hata kama ulifanyika wiki iliyopita. Na nyumba ikiuzwa, serikali huchukua sehemu yake kwenye kiasi kilicho kikubwa kati ya bei ya mauzo na thamani iliyo kwenye ripoti.

Sasa twende Haddenham. Kijiji hiki ni maarufu kwa kuta zake za wychert, yaani udongo mweupe wenye chokaa asilia unaochimbwa papo hapo, ukachanganywa na maji na majani makavu, ukapandishwa tabaka kwa tabaka juu ya msingi wa mawe. Juu ya ukuta huwekwa kofia ya vigae ili mvua isiingie. Kuna nyumba za namna hiyo, na kuna kuta ndefu za bustani zinazopinda na vichochoro hadi Church End, lilipo kanisa la St Mary's na bwawa la bata. Sehemu kubwa ya kijiji cha zamani ni eneo la hifadhi, na nyumba nyingi zimo katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Upande wa magharibi kuna stesheni iliyofunguliwa mwaka 1987, ambayo treni yake hufika Marylebone, London, chini ya saa moja, na karibu nayo uwanja wa zamani wa ndege, ambapo wakati wa vita vya pili marubani walifundishwa kurusha ndege zisizo na injini. Katika miaka ya karibuni nyumba mpya nyingi zimejengwa kukizunguka kijiji.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Help to Buy ilikuwa kwa nyumba mpya tu. Mwenye mkopo kwa hiyo haishi katika nyumba ya wychert ya karne ya 17, bali katika nyumba ya matofali iliyojengwa juzi, ambayo kwenye tangazo la mauzo ilipambwa kwa picha za bwawa la bata. Mthamini anapotafuta mauzo matatu ndani ya maili mbili, anakuta nini? Nyumba za kale ambazo watu hulipia historia yake, nyumba za miaka ya 1960 na 1970 ambazo ni kubwa kuliko zinavyoonekana, na nyumba mpya chache za mtaa uleule ambazo nyingi bado hazijauzwa mara ya pili. Mji wa Thame, wenye nyumba mpya za kufaa na soko lenye shughuli, uko maili tatu hivi kwa barabara, upande wa pili wa mpaka wa Oxfordshire, na sehemu yake kubwa iko nje ya duara hilo la maili mbili. Mthamini makini anaweza kuutaja kama ushahidi wa ziada na kueleza kwa nini, lakini yale matatu ya lazima anayatafuta ndani ya duara.

Kwa maoni yangu kosa kubwa linalofanyika vijijini ni kuiazima thamani ya kale na kuibandika kwenye nyumba mpya. Mnunuzi wa nyumba yenye kuta za wychert analipia kitu kisichoweza kujengwa tena, na papo hapo anakubali mzigo wake: hawezi kubadilisha dirisha bila kibali, wala hawezi kuupiga ukuta wake lipu ya saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka na ukuta huoza ukiwa umesimama. Aliyekulia katika nyumba za chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar ataelewa bila kuambiwa mara mbili. Mnunuzi wa nyumba mpya hana urithi huo wala mzigo huo. Ripoti ikiweka nyumba ya Church End kuwa mojawapo ya zile tatu, kwa sababu tu vyumba vya kulala ni vitatu na umbali ni nusu maili, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kilichofanana ni nini.

Kosa la pili ni kutumia bei za mjenzi. Bei iliyosajiliwa nyumba ilipouzwa mara ya kwanza mara nyingi ilibeba ndani yake mazulia, mashine za jikoni, hata ushuru wa stempu ambao mjenzi alimlipia mnunuzi. Wathamini wana fomu rasmi ambayo mjenzi hulazimika kutaja vivutio hivyo, lakini anayesoma bei katika rejesta ya ardhi peke yake havioni. Upya nao una bei yake, na huisha siku mwenyeji wa kwanza anapoingia na masanduku yake. Kamati ya Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza, inayoshughulikia mazingira ya ujenzi ilisema Januari 2022 kwamba mpango huu ulipandisha bei kuliko ruzuku yenyewe katika maeneo yaliyouhitaji zaidi. Kwa hiyo nyumba mpya ya jirani iliyouzwa na mjenzi ni ushahidi dhaifu kuliko ileile ikiuzwa mara ya pili na mwenyeji wa kawaida.

Mwenye nyumba afanye nini? Asimwambie mthamini tarakimu anayoitaka. Hilo ni ovu na pia halisaidii, kwani ripoti ikitiliwa shaka hukataliwa na ada yake ya pauni mia kadhaa imekwenda. Anachoweza kufanya, kihalali kabisa, ni kumkabidhi ushahidi kabla ya ukaguzi. Bei za mauzo zinapatikana kwa umma katika rejesta ya ardhi. Ukubwa wa sakafu kwa mita za mraba umo kwenye cheti cha matumizi ya nishati, ambacho nyumba nyingi zilizouzwa zinacho, nacho mtu yeyote anaweza kukifungua. Ukigawa bei kwa mita za mraba utaona haraka kwamba ile nyumba ya vyumba vinne iliyouzwa mtaa wa pili ina theluthi moja ya eneo zaidi ya yako, ingawa kwenye tangazo zinaonekana sawa. Ongeza na mambo ambayo mthamini hawezi kuyaona kwa macho: ada ya mwaka mnayoilipa kampuni ya kutunza barabara na nyasi za mtaa ambazo halmashauri haijazichukua, na kama mpaka wa bustani yako ni ukuta wa wychert, ni nani anayewajibika kuukarabati. Ukuta huo kwenye picha unapendeza. Kofia yake ya vigae ikivunjika, ni gharama ya fundi anayejua udongo, na mafundi hao si wengi.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata watu wazoefu. Anayelipa deni la serikali kwa kuongeza rehani anataka thamani ndogo kwa upande wa serikali na thamani kubwa kwa upande wa benki. Tuseme amebakiwa na rehani ya 260,000, na ripoti ya RICS inasema 480,000, hivyo anahitaji 96,000 zaidi. Jumla 356,000, ambayo ni asilimia 74 na kidogo ya thamani. Benki nayo inatuma mthamini wake, au inatumia hesabu ya kompyuta bila kutuma mtu, na inasema 470,000. Deni halipungui, kwa kuwa serikali inafuata ripoti yake, lakini uwiano sasa umevuka asilimia 75, na riba za benki hupangwa kwa ngazi ambazo 75 ni mojawapo. Katika kijiji chenye mauzo machache na ya aina tofautitofauti, hesabu ya kompyuta hukosea zaidi kuliko mahali pengine, kwani haijui kutofautisha ukuta wa udongo na ukuta wa tofali. Nashauri kuzungumza na mshauri wa rehani kabla ya kumwita mthamini, siyo baadaye.

Kuhusu maboresho nitakuwa mfupi. Aliyejenga upanuzi kwa kibali, kwa fedha zake, hapaswi kumlipa serikali sehemu ya thamani aliyoiongeza mwenyewe. Amwombe mthamini aandike thamani mbili, pamoja na upanuzi na bila huo, na ahifadhi barua ya kibali. Kupaka rangi na kubadilisha zulia hakuhesabiki.

Sasa muda. Ripoti ni hai kwa miezi mitatu. Wakili, benki na msimamizi wa mkopo kwa niaba ya serikali wote wanapaswa kumaliza kazi yao ndani ya miezi hiyo, na wenye uzoefu wanajua kwamba mara nyingi hawamalizi. Muda ukikaribia kuisha, mthamini yuleyule anaweza kuuongeza kwa kupitia upya akiwa mezani kwake bila kurudi kwenye nyumba. Lakini atatazama mauzo mapya, na katika mtaa wenye nyumba chache, uuzaji mmoja wa jirani uliosajiliwa katikati ya kipindi hicho unaweza kuusogeza uthamini wote juu au chini. Mikopo hii ni ya miaka 25, kwa hiyo ya mwanzo kabisa itafika mwisho mwaka 2038, na asiyeuza wala kumaliza rehani yake halazimiki kukimbilia mthamini leo. Mwenye kutaka kulipa sehemu tu akumbuke kwamba masharti ya awali yaliweka kiwango cha chini cha asilimia 10 ya thamani ya nyumba kwa kila malipo: kwa mfano wetu pauni 48,000 kwa ripoti moja na 51,000 kwa nyingine.

Nipo tayari kupokea maswali, Mheshimiwa Mwenyekiti, na kwa idhini yako ningependa tuanze na wale ambao ripoti zao zinaisha muda mwezi huu.