Kabla Hujapeleka Barua ya Fildi: Kampuni Ndogo Kongwe au Kampuni Changa?

Habari za mchana, wadogo zangu. Mlio nyuma sogeeni mbele, kuna hesabu nitaiandika ubaoni.

Swali lenu la kila mwaka ni hili. Una nafasi mbili za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, hapa Mbeya. Moja ni ofisi ndogo ya Mwanjelwa, ina watu sita na imekuwapo miaka 15. Nyingine ni kampuni changa ya vijana wanne wenye programu ya simu inayounganisha wakulima wa viazi wa Uporoto na wanunuzi wa mjini. Uende wapi? Wengi mnapima kwa jina la kampuni. Nawaomba mpime kwa jambo moja: nani ataishika kazi yako kila wiki na kukuonyesha ulipokosea? Fildi ya wiki 8 ni siku 40 za kazi. Kosa ambalo hakuna aliyeliona wiki ya pili utalirudia mpaka ya nane, kisha utaondoka nalo.

Tuseme ile ofisi kongwe ni ya uhasibu. Unapewa usuluhisho wa benki wa mteja mmoja. Daftari la fedha liko upande huu, taarifa ya benki upande ule. Unatia alama kila muamala unaolingana, unabaki na ile isiyolingana: hundi ambazo hazijawasilishwa benki, makato ya benki ambayo hayajaingia daftarini, fedha iliyopelekwa jioni ya tarehe 31. Umeziweka zote mahali pake na bado kuna tofauti ya sh. 27,000. Mwanafunzi aliye peke yake hapo huanza upya, mara mbili, mara tatu. Mhasibu wa siku nyingi akikaa kando yako atakuambia: gawa kwa 9. Inatoka 3,000 kamili, haibaki kitu. Basi tafuta kwanza tarakimu zilizopishana, na unaikuta 63,500 imeandikwa 36,500. Si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 inatokana na hilo, lakini ndipo pa kuanzia. Ujuzi wa namna hii unakaa kwa watu waliofunga hesabu za mwisho wa mwezi mara mia na zaidi.

Ubaya wa ofisi kongwe ni kwamba kazi zake zina wenyewe. Faili la mteja likiharibika wateja wanaondoka, kwa hiyo mtoto wa fildi anapewa kisichoweza kuharibika: kutoa kopi, kupanga stakabadhi, kupeleka barua. Si roho mbaya, ni kwamba hakuna aliyepanga ufanye nini. Dawa yake inatumika kabla hujaanza. Mwombe msimamizi mkubaliane kazi tatu, na ziandikwe ukurasa wa kwanza wa logibuku, daftari lako la kumbukumbu za kazi za fildi. Kazi iliyoandikwa inadaika.

Sasa kampuni changa. Huko utaiona biashara nzima, kuanzia shambani hadi malipo. Fikiria fomu ya simu inayomuuliza mkulima: una magunia mangapi? Anajibu 40. Mfumo unazidisha kwa kilo 100, mnunuzi anaambiwa kuna tani 4. Unapanda Uporoto na kukuta magunia yamefungwa lumbesa, yana kichwa juu, na hakuna linalolingana na jirani yake. Vipimo halali vinataka gunia lisizidi kilo 100, lakini shambani hali ndiyo hiyo. Kwa hiyo ile tani 4 ni namba ya kubuni. Jioni unamweleza mwenye kampuni, kesho asubuhi fomu inauliza kilo zilizopimwa kwenye mizani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amebadilisha kitu kinachotumika, kwa usiku mmoja. Fursa hiyo ni adimu mno katika ofisi kongwe.

Lakini ni nani huko atakayekusahihisha? Hapa ndipo kampuni changa zinapowaumiza wanafunzi. Mwanzilishi yuko Dar es Salaam anatafuta wafadhili wiki mbili mfululizo, na wewe ndiye fundi pekee. Unaandika programu, inafanya kazi, hakuna anayeisoma. Wiki ya nne biashara inageuzwa, ulichotengeneza kinawekwa kando. Logibuku haina sahihi hata moja, na msimamizi kutoka chuo akija anakuta mlango umefungwa. Kama hakuna mtu aliyekuzidi ujuzi anayekuwapo walau siku tatu kwa wiki, usiende, hata kama wazo lao ni zuri kiasi gani.

Kwa wahandisi kuna jambo la ziada. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ina mpango wa SEAP tangu 2003: mhitimu anafanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha anaomba usajili kamili. Ofisi yenye mhandisi wa namna hiyo, hata ikiwa chumba kimoja, inaweza kuwa mlango wako baada ya kuhitimu. Mengine yakiwa sawa, mimi ningewaelekeza huko.

Fedha. Ukikaa Iyunga na ofisi iko Mwanjelwa, tuseme nauli 1,400 kwenda na kurudi, chakula 3,000. Jumla 4,400 kwa siku, mara 40, ni 176,000. Kampuni changa nyingi zitataka uje na kompyuta yako na bando lako, ongeza hapo. Fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo usiipigie hesabu kabla haijaingia. Muulize mwajiri wazi kama kuna posho. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kabla ya kukubali, tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kampuni changa huenda imesajiliwa kama jina la biashara tu. Hilo si kosa, ila hakikisha kuna mtu wa kusaini barua na kugonga muhuri. Na namba za wakulima zisikae kwenye simu yako binafsi: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na fildi ikiisha hazikuhusu tena.

Popote utakapokwenda, logibuku isainiwe kila Ijumaa, usingoje mwisho. Ijumaa ya tatu ikipita hakuna aliyeigusa kazi yako, Jumatatu asubuhi nenda kwa mratibu wa fildi wa idara yako. Zimebaki wiki tano, na kuhamishwa bado kunawezekana. Ukija wiki ya saba, mratibu hana la kukusaidia.