Nitajieni askari mmoja wa Lugalo

Mnaonijua mshajua naelekea wapi, naenda Lugalo tena, ile ya Iringa ambako Wahehe wa Mkwawa walivizia jeshi la Wajerumani, nivumilieni. Mkwawa kila mtu hapa anamjua, hata yule Zelewski, kamanda wa Wajerumani waliyembatiza Nyundo, mnamjua. Haya, nitajieni askari mmoja tu, Mwafrika aliyeajiriwa na Wajerumani, kati ya mamia waliouawa pale tarehe 17 Agosti 1891. Mmoja! Kimya. Ndo ugomvi wangu na nyie huo.

Chukua Msudani wa kawaida. Kapigana jeshi la Misri, wengi wao waliingizwa humo wakiwa watumwa, vita ya Mahdi kule Sudan ikawatupa Cairo hawana kazi, 1889 Wissmann, afisa wa Kijerumani, akaja na mkataba. Akapanda meli na mke na watoto, akashushwa Bagamoyo, na Mei ya mwaka huohuo akaambiwa vamia boma la Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani. Akapona. Miaka miwili baadae yuko Uhehe.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana watu wanapenda kusema "walikuwa na bunduki bwana". Bunduki gani? Mauser ya 1871, risasi moja moja. Ukishafyatua unavuta komeo, unainamisha bunduki ganda lidondoke, unapeleka mkono kwenye mkoba, unapapasa, unatoa nyingine, unachomeka, unafunga. Hebu fanya hayo ukiwa kwenye njia ya mtu mmojammoja, vichaka kulia na kushoto, na Mhehe katokea hatua tano kutoka ulipo na mkuki mkononi! Wengi walifyatua mara moja, mbili kama ana bahati. Hata nusu saa haikufika, kwisha habari.

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kusema hao walikuwa vibaraka, walichoma vijiji vya watu. Walichoma, sijabisha, na Wahehe walikuwa na haki ya kuwasubiri pale. Ila mimi sijaja hapa kugawa pepo na moto, nimekuja kuulizia mtu.

Nilitaka niongelee na wale wa kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu, kazi ileile, hatari ileile, mshahara mdogo kuliko wa Wasudani, lakini naona mwenyekiti anaitazama saa kama vile inamdai. Haya, la mwisho. Bunduki karibu 300 zilibaki kwa Mkwawa, hizo zilihesabiwa. Yule mwanamke aliyetoka na mumewe Cairo, yupo pwani na watoto, habari alipelekewa na nani, na kwa lugha gani?