Swali la Kumi na Deni la Hospitali

Wakunga, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, karibuni. Naanza na bili ya kujifungua, kisha nifike kwenye moyo wa mama, yaani sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na namna ya kuipima. Katika kliniki zetu za Kenya mama huja amebeba vyote viwili, nasi tunampeleka dirisha hili kwa pesa na lile kwa mawazo, kama kwamba ni watu wawili.

Chini ya Linda Mama, mpango wa serikali uliotangulia, mjamzito alijisajili akajifungua bila kulipa mchango. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mchango ni lazima: asilimia 2.75 ya mapato, na usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Muuza mboga asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600 kwa uchache. Kwa viwango vya 2024, SHA huilipa hospitali 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Mahali panapoharibika ni hapa: mama amebonyeza *147#, amepata ujumbe kwamba amesajiliwa, akaamini mambo yameisha. Kusajiliwa si kulipa. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kliniki usimuulize, “Umesajiliwa?” Muulize, “Umelipa mpaka mwezi gani?” Kisha hesabuni pamoja yale ambayo bima haigusi: tuktuk ya usiku, pamba, sodo, beseni, leso, chakula cha anayemuuguza.

Deni hili si karatasi tu. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, kwa sababu ya bili, kulivunja haki zao. Mama anayeogopa kuzuiliwa hukawia nyumbani hadi chupa ivunjike. Akishajifungua, hulala akihesabu pesa huku mtoto akinyonya.

Sasa tuutenganishe ugonjwa. Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, ni sonona mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi ilianza tangu ujauzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea matatizo ya akili huwapata asilimia 15.6 ya wajawazito na 19.8 ya waliojifungua. Wazimu wa uzazi ni jambo jingine: mama mmoja au wawili kwa kila 1,000, kwa kawaida katika wiki mbili za kwanza. Hapati usingizi, anasikia sauti, maneno hayashikani. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Pima joto na presha, maana homa ya uzazi na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili. Familia ikisema ni jini, msibishane. Dua isomwe njiani kuelekea hospitali.

Kwa sonona tunalo dodoso la Edinburgh la 1987: maswali 10, kila jibu 0 hadi 3, kuhusu siku saba zilizopita. Kosa la kawaida ni la kujumlisha. Maswali ya 1, 2 na 4 huanza na 0 juu kushuka hadi 3. Yaliyobaki huanza na 3. Ukiyapa yote mwelekeo mmoja, mama mgonjwa hutoka mzima kwenye karatasi. Kosa la pili ni mama mkwe kusikiliza. Fanyeni siku ya chanjo ya wiki ya sita: mwenzako ampeleke mama mkwe na mtoto kwenye mizani, nawe ubaki na mama, umeketi kama alivyoketi. Akipata 10 hadi 12, rudia baada ya wiki mbili. Kuanzia 13, aonwe na daktari au klinikali ofisa.

Swali la kumi, la kujidhuru, halingoji jumla. Jibu lolote lililo juu ya 0, hata jumla ikiwa 4, mama haachwi aende peke yake. Wengi hujibu “hapana” kwa kuogopa polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfunga hadi miaka miwili aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kinakiuka katiba. Mwambie hivyo kabla ya kuuliza.

Na hapo hapo uliza mengine matatu: una deni, nani anakusaidia, leo umekula nini? Ukisikia deni la wodi, muone ofisa wa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa bili kabla mama hajaruhusiwa. Maongezi nayo ni tiba. Pakistan, wahudumu wa jamii waliofundishwa kumtembelea mama mwenye sonona na kuzungumza naye waliishusha katika miezi sita hadi asilimia 23 ya akina mama hao, wakati kundi la kulinganisha lilikuwa na 53. Matokeo hayo yalichapishwa 2008. Daktari akiandika sertralini, dawa ya sonona, mama aendelee kunyonyesha. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Mwambieni pia kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, la sivyo ataacha dawa siku ya tano.

Alama ziandikwe kwenye faili la kliniki. Kijitabu cha Mama na Mtoto husomwa na nyumba nzima, kwa hiyo humo andikeni tarehe ya kurudi tu.