Shika tezi kwanza, sindano baadaye

Mwangaluka, ndugu zangu. Wafugaji wa Isevya, Ipuli, Malolo, na nyie mliotoka nje ya Manispaa yetu ya Tabora, asanteni kwa kufika.

Nianze na ndigana, maana ndiyo inayotumalizia ng'ombe. Ndigana kali na ndigana baridi zote huletwa na kupe, zote zina homa, na kwa zote mbili watu hukimbilia OTC, yaani sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Ndigana baridi inatokana na bakteria, OTC inaitibu. Ndigana kali inatokana na protozoa, vimelea vya seli moja ambavyo si bakteria. Ng'ombe akishaugua hiyo, OTC haimponyi, anahitaji dawa nyingine, buparvakwoni, tena mapema. Kwa hiyo shika chini ya sikio. Tezi imevimba na mnyama anahema kwa shida? Shuku ndigana kali. Fizi zimepauka au zina umanjano, na kinyesi ni kigumu? Hapo shuku ndigana baridi. Vyovyote iwavyo, mwite daktari wa mifugo. Maabara ya veterinari tunayo hapahapa mjini, na damu kidogo kwenye kioo humaliza ubishi.

Kinachoniumiza zaidi ni kipimo. OTC ya asilimia 20 huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 300 ni mililita 30, zigawanywe sehemu kadhaa za mwili. Sisi tunachoma 10, chupa ibaki kwa ajili ya mwingine! Hapo umeua bakteria wanyonge, ukawaachia banda wale sugu wazaliane. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alishaonya kuhusu dozi pungufu mwaka 1945. Na dawa za jamii ya OTC hata sisi binadamu tunazitumia, kwa hiyo usugu huo unatuhusu na sisi.

Sasa maziwa. Soma lebo ya dawa ujue siku za kusubiri kabla maziwa hayajatumika, uzihesabu tangu dozi ya mwisho. Kuchemsha hakuondoi dawa. Akina mama wa mtindi wanalijua hili: maziwa yenye penisilini hugoma kuganda, kwa sababu bakteria wa kugandisha wamedhurika. Hata ukitibu chuchu moja, dawa hupita kwenye damu, kwa hiyo maziwa ya chuchu zote nne yasiuzwe. Najua lita hizo ndiyo ada ya mtoto. Yamwage shimoni, mbali na kisima, na ndama usimnyweshe.

Mkamuaji wa jioni huenda hakuwepo ng'ombe alipochomwa. Mfunge ng'ombe huyo utepe mwekundu mguuni, uandike tarehe kwenye daftari la banda. Karibuni maswali, tuanze na mama pale nyuma.