Ghorofa Ngapi Zinatosha Katikati ya Jiji?

Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, na ninyi wakazi mliokuja kusikiliza, habari za jioni.

Mjadala wa nyumba mpya za makazi katikati ya jiji huanza na swali moja na kuishia hapo hapo: ghorofa ngapi? Huyu anataka sita, yule anataka ishirini, na kikao kinafunga kwa kukutana katikati kama watu wanaopatana bei. Namba hiyo ikiachwa peke yake haituambii mengi.

Chukueni kiwanja cha mita za mraba 2,000. Funika nusu yake kwa jengo la ghorofa 4, unapata mita za mraba 4,000 za sakafu. Funika moja ya tano kwa ghorofa 10, unapata 4,000 zile zile. Ukienda hadi 20 utafunika sehemu ya kumi tu, na jumla haibadiliki. Wakazi ni wale wale, magari ni yale yale, majitaka ni yale yale. Kwa hiyo anayepinga ghorofa 20 kwa hofu ya foleni anapaswa kuuliza uwiano wa sakafu kwa kiwanja, yaani jumla ya sakafu zote ni mara ngapi ya eneo la kiwanja, maana foleni haijui lifti imepanda wapi. Leslie Martin na Lionel March, watafiti wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, walilipigia hesabu jambo hili miaka ya 1960, wakaonyesha kuwa majengo yanayozunguka ua yanaweza kubeba sakafu nyingi sawa na minara, kwa kimo kifupi zaidi. Eneo la Eixample jijini Barcelona ni ushahidi unaoonekana: halina msitu wa minara, ila limo katika maeneo yenye msongamano mkubwa wa watu Ulaya.

Hapo wapenda minara wataninunia. Subirini kidogo.

Mwaka 1915 lilikamilika New York jengo la Equitable, ghorofa 38, lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara, na sakafu zake zikafika kama mara 30 ya eneo la kiwanja. Mitaa ya jirani ikabaki kivulini. Kanuni iliyotungwa mwaka uliofuata haikupiga urefu marufuku. Ilidai jengo lijivute nyuma kadiri linavyopanda, kisha mnara usiozidi robo ya kiwanja uende juu utakavyo. Naiona ni akili zaidi kuliko dari moja ya urefu kwa jiji zima, kwa sababu mpita njia huumizwa na ukuta ulio ukingoni mwa barabara kuliko kilele kilichosogezwa nyuma. Sheria ya 1910 ya kimo cha majengo ya Washington, mji mkuu wa Marekani, nayo ilishika jambo la maana: kimo kifuate upana wa barabara, kwa kuongeza futi 20. Lakini ikaweka pia kikomo, futi 130 kwa sehemu kubwa ya barabara za biashara, na kila mjenzi akajaza mpaka kwenye dari. Matokeo ni paa zilizolingana.

Sasa jambo ambalo vikao vyetu hulipita haraka, nalo ni moto. Ngazi za magari ya zimamoto zina mwisho. Nchini Marekani jengo huhesabiwa refu pale sakafu ya juu inayokaliwa inapozidi futi 75, karibu mita 23, kutoka gari la zimamoto linaposimama. Ukivuka hapo unadaiwa mengi kwa mkupuo: ngazi zenye kinga dhidi ya moshi, chumba cha kuongozea uokoaji. Uingereza, baada ya moto wa Grenfell, jengo refu la makazi jijini London, ulioua watu 72 mwaka 2017, majengo mapya ya makazi yenye mita 18 na zaidi yatatakiwa kuwa na ngazi ya pili kuanzia Septemba 30, 2026.

Kwa hiyo gharama hairefuki taratibu pamoja na jengo. Inaruka. Mkiweka kikomo ghorofa moja au mbili juu ya mruko huo, mjenzi ataishia chini yake au ataacha kujenga, kwa sababu ghorofa mbili hazirudishi fedha za ngazi ya pili na mitambo yake. Ile namba ya maridhiano ambayo kila upande ulijipongeza nayo inazaa kiwanja kitupu. Nimeona wanasiasa wakishangaa kwa nini kibali kimetolewa na hakuna winchi.

Mimi ningeacha mitaa mingi iwe kati ya ghorofa sita na nane zinazogusa barabara, zenye ua nyuma. Mnara ningeuruhusu penye barabara pana na usafiri wa umma jirani, ukiwa mwembamba, ukikaa juu ya msingi mpana wa ghorofa chache, kwa kuwa mnara uliosimama bila msingi huo huteremsha upepo wa juu mpaka miguuni pa watu. Na chini pawe na milango na madirisha, si ukuta wa maegesho.

Michoro ya vivuli iko mezani, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, kwa siku ambayo jua liko chini kabisa. Wanaokaa upande ambako kivuli kitaangukia waanze kuuliza.