Kimya cha Kikao cha Tatu

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kocha binafsi, yaani mtu anayekutana na mwenzake kikao baada ya kikao na kumsaidia, kwa maswali na mazungumzo, kuamua mambo ya maisha na kazi yake, na huenda mnatarajia nianze na malengo, mipango na mafanikio, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotangazwa. Nitazungumzia hisia, kwani ninaamini kuwa wengi wanaoacha katikati hawaachi kwa kukosa malengo, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba kusikilizwa barabara huuma kabla ya kutuliza.

Kikao cha kwanza aghalabu huwa kitamu. Mtu ambaye kwa miaka amekuwa akisema na wenzake huku wao wakingoja zamu yao, au wakimkatiza kwa ushauri, anakutana na mtu ambaye kazi yake yote kwa saa nzima ni kumsikiliza. Anatoka moyo ukiwa mwepesi, akadhani wepesi huo ndio kazi yenyewe.

Kwangu uchungu ulikuja katika kikao cha tatu. Nilikuwa nimesema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba ilikuwa lazima nikubali cheo kikubwa zaidi kazini. Kocha wangu hakunipongeza wala hakunipinga, aliuliza tu, "Hiyo 'lazima' ni ya nani?" Nikafungua kinywa, nisipate neno. Nilikuwa nimeshika kalamu, na nakumbuka nilivyokifungua kifuniko chake na kukifunga, nikakifungua tena na kukifunga, huku koo likinikauka na uso ukipata joto, naye akanyamaza pamoja nami bila kuniokoa. Hisia ya kwanza ilikuwa hasira. Nilimwona kama mtu aliyenivizia. Chini ya hasira palikuwa na aibu, na chini ya aibu huzuni ya kutambua kwamba nilikuwa nikikikimbilia cheo ambacho baba yangu alikitamani akakikosa.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1987, alisisitiza kwamba kupokewa bila masharti humsaidia mtu kubadilika. Wengi hudhani kupokewa huko ni faraja tupu, lakini mtu aliyezoea kujikinga, akikosa wa kumshambulia, hubaki ana kwa ana na nafsi yake, na ngao yake haimfai kitu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nao walijua kwamba kuufunua si jambo jepesi. Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu walipoitaja kwa jina hisia waliyoiona katika picha za nyuso, shughuli ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ilipungua. Picha si maisha ya mtu, nakiri, ila nami niliposema hatimaye, "Naona aibu," mkono wangu uliacha kuchezea kalamu.

Hata hivyo, si kila maumivu ya kikaoni ni ya heri, na hapa naomba tusikilizane kwa makini, kwa kuwa katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kujiita kocha. Yapo maumivu ya kuonekana, na yapo ya kudhalilishwa. Kocha anayekukaripia, anayekufanya uogope kumwambia umeshindwa, au anayekuaminisha kwamba bila yeye huwezi kuamua lolote, hakusaidii kukua. Tena kocha si tabibu: anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, anayeandamwa na kumbukumbu za ukatili au anayefikiria kujiua anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na kocha mwaminifu humwambia hivyo waziwazi na kumwelekeza kwake.

Mimi sikudhalilishwa, ila nilikaribia kutorudi. Niliandika ujumbe wa kuahirisha kikao cha nne kwa kisingizio cha kazi, nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta. Nilipofika, neno langu la kwanza lilikuwa kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Akaweka daftari lake chini, akaniuliza hasira hiyo ilianza wakati gani hasa, nami kwa mara ya kwanza nikamjibu bila kutafuta jibu la kumpendeza.